Mguu Unaopokea

Kwenye uwanja wetu wa Kihonda, Morogoro, miaka ya 1980, mama yeyote aliyepita na mzigo kichwani aliweza kusimamisha mazoezi ya mpira. Njia ya kutoka mashambani ilipita nyuma ya goli, na ikitimu saa kumi na nusu jioni wanawake walikuwa wanarudi, huyu na kuni, huyu na ndoo ya maji, mwingine na kiroba cha muhogo kichwani na mtoto mgongoni. Aliyekuwa karibu zaidi na njia aliuacha mpira palepale, hata kama amebaki yeye na kipa tu, akakimbia. "Shikamoo mama, nikupokee." Sisi wengine tulisimama tulipokuwa. Kocha hakupuliza filimbi wala hakusema kitu. Aliweka mikono nyuma, akaangalia.

Ukishaufikisha mzigo nyumbani kwa mwenyewe na kurudi mbio, ndipo ulipoulizwa: "Umempokeaje?" Ilibidi uoneshe kwa vitendo, mbele ya wenzako wote. Kocha alikuwa na ndoo ya bati iliyojaa maji yetu ya kunywa. Alimtwika mtoto mwingine, wewe ukaipokea. Ukiiendea kwa mikono iliyokakamaa, maji yanaruka na kuwalowesha nyote wawili. Ukiiendea kwa mikono iliyolegea mno, inakuponyoka. Ndoo inaguswa ikiwa bado juu, mikono inakubali uzito kidogokidogo, magoti yanakunjika, na unashuka nayo mpaka chini kama vile wewe na ndoo mmekubaliana. Ukiweza, hata tone halidondoki. Hapo aliiweka ndoo kando, akautega mpira chini ya soli ya kiatu chake. "Sasa mguu ufanye hivyohivyo," alisema, na mpira ukaja.

Tulimwita Afande. Alikwenda vitani Kagera mwaka 1978 akiwa koplo, akarudi, akalitumikia jeshi mpaka akastaafu akiwa sajini, na katika miaka yote hiyo, kila zamu zilipomruhusu, alikuwa nasi pale uwanjani. Baada ya kustaafu hakukosa jioni hata moja isipokuwa Jumapili. Amefariki mwaka huu. Jina lake silitaji, kwa sababu mwenyewe alikuwa akiinamisha kichwa kila lilipotajwa kwenye kipaza sauti. Siku ya mazishi ulisomwa wasifu wake kama ilivyo desturi: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, ameacha mjane, watoto watano na wajukuu 11. Yote yalikuwa kweli. Lakini nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikisikiliza, nilisubiri mtu aseme kwamba marehemu alikuwa fundi. Fundi cherehani akifariki watu hukumbuka mishono yake, na seremala husemwa kwa milango aliyoiacha. Afande alijua kumfundisha mtoto kuupokea mpira, na katika maisha yangu ya kucheza, kutazama na kuandika habari za mpira sijakutana na mtu aliyelijua jambo hilo kama yeye. Naandika ili hilo nalo lisomwe.

Mitaani tulisema kukontroli. Watangazaji wa redio walisema kutuliza: mpira umepigwa juu, anautuliza kifuani. Afande alisema kupokea, na hakukubali neno jingine. Kukontroli, kwake, lilikuwa neno la mtu anayetaka kuutawala mpira, na mpira uliopigwa vizuri na mwenzako haukuja kutawaliwa, umetumwa kwako. Kutuliza alilipenda kidogo, ila akasema hilo ni la baadaye, mgeni akishaingia ndani. Kwanza anapokewa. Tulimwelewa bila maelezo marefu, maana neno hilo tulikuwa nalo kutwa: tulipokea mizigo, tulipokea wageni stesheni ya reli, tulipokea chenji kwa mikono miwili, na mtoto aliyenyoosha mkono mmoja kupokea kitu kwa mkubwa alirudishwa aanze upya. Alichofanya Afande ni kulishusha neno hilo kutoka mikononi mpaka mguuni.

Naomba nilieleze jambo lenyewe kwa karibu, maana wengi wanaotazama mpira hawalioni. Macho yao yako kwa mpigaji. Wanasema pasi nzuri, pasi mbaya, kumbe nusu ya pasi iko kwa anayeipokea. Mpira namba tano, ule wa watu wazima ambao ndio tuliokuwa nao, una uzito wa gramu 410 hadi 450. Ukija kwa kasi ukakuta mguu umesimama kama nguzo, unaruka mita mbili au tatu mbele, na hapo hauna mwenyewe tena. Kwa hiyo mguu wa kupokea haukanyagi. Unainuliwa kidogo, kisigino kikikaribia chini, vidole vikiwa juu, na ule upande wa ndani, kati ya kidole gumba na kifundo, unageuzwa kuutazama mpira. Goti halikazwi. Mpira unapogusa, mguu tayari umeshaanza kurudi nyuma. Tayari, alisisitiza. Ukingoja uguswe ndipo urudi, umechelewa. Unarudi pamoja nao umbali wa shibiri moja, na kasi yake inaishia njiani.

Ukifanya vizuri, hausikiki. Hicho ndicho alichokuwa anakisikiliza. Mizinga ya vitani ilikuwa imelidhoofisha sikio lake la kushoto, kwa hiyo alisimama ametutegea la kulia, amefumba macho, nasi tunapasiana wawiliwawili mbele yake. "Wewe wa pili, mguu wako unagonga mlango," alisema. "Ukigonga hivyo nani atakufungulia?"

Uwanja ulikuwa wa vumbi na kokoto, na kiangazi ulikuwa mgumu kama sakafu. Mpira ulidunda utakavyo wenyewe. Watu wazima waliokuja kucheza jioni walilalamika, lakini Afande aliona ule ndio uwanja wa kumfundishia mtoto, kwa sababu pale hakuna anayeweza kuukariri mpira. Unautazama mpaka mwisho, na mwili unakaa tayari kubadili mawazo. Alitufundisha pia kugeuza shingo kabla ya mpira kufika, kutazama nyuma ya bega la kushoto, kisha la kulia. "Hujampokea mgeni, jua kwanza utamkalisha wapi." Leo nikitazama viungo wakubwa wa Ulaya kwenye televisheni, naona shingo zao zinageuka mara mbili, mara tatu kabla ya pasi, na nasikia sauti yake.

Mimi nilikuwa winga. Nilikuwa na shuti, na nilipenda lisikike. Nikiwa na miaka tisa alinikataza kupiga golini wiki mbili nzima. Wenzangu wanafunga, mimi niko pembeni na ukuta wa darasa, napiga, unarudi, napokea. Siku ya tatu nililia. Hakunibembeleza wala hakunifokea. Alikuja akasimama mbele ya ule ukuta, akawa yeye ndiye anayenirudishia, jioni nzima, mtu mzima na viatu vyake vya jeshi, mpaka giza likaingia na mpira ukawa hauonekani, tunausikia tu. Halafu tukawa hatuusikii. Akasema, "Haya, kapumzike."

Wazazi wengi walimletea watoto kwa sababu ya jeshi. "Afande, ninyooshee huyu." Walikuwa wamechoka na mtoto mtundu, wakamwona mwanajeshi, wakadhani dawa imepatikana. Alimpokea mtoto, kisha akamjibu mzazi: "Mimi sinyooshi mtoto. Mtoto si waya." Hatukupigishwa kwata. Hatukurushwa kichura. Nimewasikia watu baada ya kifo chake wakisema nidhamu ya timu yetu ilitoka kambini, na kwa kuwa nilikuwepo, napinga. Nidhamu ile ilitoka kwenye kungoja: kungoja mwenzako aliyepeleka mzigo arudi, kungoja zamu yako kwenye mstari, kungoja mpira ufike. Kambini alijifunza mengine. Alijifunza kunyoosha nguo kwa pasi ya mkaa bila kuacha mkunjo, kuamka kabla ya jogoo, na kuandika kila kitu kwenye daftari.

Hilo daftari lilikuwa na kazi yake. Kila Januari na kila Julai tulisimama mmojammoja tukiegemea mwembe wa kona ya uwanja, akatia alama kwa kisu juu ya kichwa cha mtoto, akapima kwa futi kamba, akaandika. Tulidhani anatafuta warefu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anawalinda wafupi. Watoto wa miaka 12 hawalingani hata kidogo. Mmoja ameshabalehe, ana mapaja ya mtu mzima, na mwenzake aliyezaliwa mwezi uleule bado ana sauti nyembamba na magoti ya kitoto. Yule mkubwa anashinda kila mpira kwa kifua, na kocha mwenye haraka anajenga timu yote juu yake. Akifika miaka 17 wenzake wamemfikia kimo, na yeye hana kingine alichojifunza. Afande alimpandisha mkubwa acheze na waliomzidi, na mdogo alimwacha akue. "Bado yuko njiani," aliandika pembeni ya jina. Baadhi yetu tulikaa njiani miaka minne.

Ndiyo maana hakuna neno lililomkera kama kijeba. Kila anayeijua michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, anawajua vijeba: kijana wa miaka 17 amepunguziwa umri kwenye karatasi, anapangwa na watoto wa darasa la tano, na watu wazima wenye akili zao wanashangilia magoli yake. Mwaka 2005 ugonjwa huo ulitufikisha pabaya. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, ilikuwa imefuzu fainali za Afrika, ikaondolewa kwa kosa la umri wa mchezaji. Mtaa mzima ulilalamika kwamba tumeonewa. Afande alisema tumerudishiwa chenji yetu.

Kijeba alinipitia hata mimi. Nilikuwa na miaka 12, nimechaguliwa timu ya wilaya, mama ameshaninunulia raba mpya. Siku ya kuondoka nikakuta jina langu limefutwa, na nafasi yangu amepewa mtu aliyekwishaota ndevu. Nilijifungia ndani. Jioni ile Afande alikuja nyumbani. Alisalimiana na baba, wakakaa kwenye mkeka, wakanywa chai, wakazungumza habari za mvua. Hakuniita. Alipofika kikombe cha pili alitoa kwenye mfuko mpira uliofumuka, sindano ya shazia na kipande cha nta, akaanza kushona. Baada ya muda nilitoka mwenyewe nikakaa karibu, upande wa sikio lake zima. Akanipa uzi niupake nta.

Mpira wa ngozi kama ule una vipande 32: 12 vya pembe tano, vyeusi, na 20 vya pembe sita, vyeupe. Nilivihesabu vyote usiku ule chini ya kibatari. Alikuwa anaingiza sindano kwa ndani, anavuta uzi mpaka ukingo wa kipande kimoja unabusu ukingo wa kingine, kisha anaukandamiza kwa kucha ya kidole gumba, kucha iliyokuwa na rangi ya pembe ya ng'ombe. Kila mishono mitano anausogeza mshono kwenye mwanga. Hakuniambia haki itatendeka. Hakuniambia mwakani nitachaguliwa. Alipomaliza aliniachia niujaze upepo kwa pampu ya baiskeli, akaukandakanda, akanirudishia. "Kesho uje nao wewe." Nililala nao.

Nyumbani kwake alikuwa mtu yuleyule. Jumapili hakukuwa na mazoezi kwa sababu ilikuwa siku ya mkewe, ambaye sisi sote tulimwita Mama. Siku hiyo Afande ndiye aliyekwenda sokoni na kapu, yeye ndiye aliyechambua mchele, na Mama alikaa barazani amenyoosha miguu. Enzi zile mwanamume mwenye kapu alichekwa, na mwanajeshi zaidi. Kitinda mimba wao alikuja naye uwanjani amembeba mgongoni kwa kanga, akipuliza filimbi taratibu ili asimwamshe, na tulijifunza kucheza mchezo mzima kwa filimbi ya mtoto aliyelala.

Alikuwa na mabinti wanne na mtoto mmoja wa kiume, na huyo wa kiume hakuupenda mpira. Kocha wa mtaa mzima, na mwanawe wa pekee anakaa ndani anafungua redio! Majirani walimwonea Afande huruma, tena kwa sauti. Jioni moja nilikwenda kuchukua mipira nikamkuta amechuchumaa sakafuni, ameshika tochi, anammulikia kijana wake aliyekuwa analehemu waya ndani ya redio ya watu. Hakuwa anaelekeza wala hakuwa anauliza. Mkono wa kijana ulipohama, mwanga ulihama nao, bila kuchelewa. Nilisimama mlangoni kwa muda kabla ya kubisha hodi. Kijana yule ameishi kwa ufundi wake mpaka leo, na watoto wake wamesoma kwa huo.

Aliyeupenda mpira kwa moyo wote ni binti wa tatu. Afande alimwingiza uwanjani pamoja nasi mwaka 1987, akiwa na miaka kumi, na watu wakasema yao. Aliwageuzia sikio la kushoto. Binti yule alikuwa na mguu wa kupokea kuliko sisi sote, na hakukuwa na mahali pa kuupeleka; akaolewa, akazaa, goti likaharibika. Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, walipofuzu kwenda fainali za Afrika za mwaka 2010 kule Afrika Kusini, baba yake alimpigia simu usiku, akamwambia neno moja tu: "Wamefika." Binti ndiye aliyenisimulia. Anasema walikaa kwenye simu kimya mpaka salio likaisha.

Kuhusu vita alikuwa mchache wa maneno. Tuliyajua yale ya shuleni: majeshi ya Idi Amin kuingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, daraja la Kyaka kuvunjwa, Mwalimu Nyerere kutangaza vita mwanzoni mwa Novemba, Masaka kuchukuliwa Februari, Kampala kuanguka Aprili 11, 1979. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, Afande aliongoza mazoezi bila filimbi. Alituongoza kwa mikono, nasi tulicheza kimya mpaka mwisho. Alikuwa na wenzake waliolala Kaboya, kule Muleba.

Simulizi moja tu alinipa, na hapo nilikuwa mtu mzima, nimekwenda kumwangalia baada ya kuugua. Walikuwa wameshapita Masaka, wanakwenda kwa miguu, mvua inanyesha, viatu vimejaa matope. Wakatokeza kwenye kijiji katikati ya migomba. Watoto walikuwa wanacheza mpira wa majani makavu ya mgomba uliofungwa kwa kamba za mgomba huohuo. Walipoona askari walikimbia wote, mpira ukabaki unabingirika kwenye mteremko, unakuja kwake. Alikuwa mchezaji, alisema, mguu ulitoka wenyewe. Aliukanyaga ili kuusimamisha. Lilikuwa buti la jeshi, na juu yake mtu mwenye bunduki na mzigo wa siku kadhaa. Mpira ulipasuka, majani yakatawanyika kwenye maji ya mvua. Mtoto mmoja alikuwa hajafika mbali. Alikuwa nyuma ya mgomba, anatazama.

"Sikuwa na mpira mwingine wa kumpa," Afande alisema. Akanyamaza. Kisha akaniuliza kama barabara ya kuingia mjini imeshatengenezwa.

Agosti ya mwaka huohuo wa 1979, akiwa bado Uganda, alisikia kwenye redio kwamba Peter Tino amefunga Ndola, Taifa Stars wametoka sare na Zambia na kufuzu fainali za Afrika kwa mara ya kwanza. Fainali zile zilichezwa Nigeria, Machi 1980. Baada ya hapo tulingoja miaka 39. Machi 24, 2019, kwenye Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, tulifuzu tena kwa kuifunga Uganda 3–0, na siku hiyo nilikuwa sebuleni kwake, wajukuu wamejaa kwenye mikeka, antena ameifunga mwanawe. Nje watu waligonga masufuria. Jirani mmoja aliingia na furaha yake, akasema, "Afande, tumewapiga tena!" Afande alimtazama kwa muda. "Wale ni watoto," alisema. "Nao wamefuzu." Ni kweli, Uganda walikuwa wameshafuzu kabla ya mchezo ule. Akarudi kuinamia televisheni, wanarudia magoli, akitazama miguu.

Kwenye fainali zenyewe kule Misri tulifungwa mechi zote tatu, na Senegal, na Kenya, na Algeria. Watu walimlaumu kocha, wakawalaumu washambuliaji. Afande alizitazama zote tatu amekaa kwenye ukingo wa kiti, na ya mwisho ilipokwisha aliniambia tatizo letu liko kwenye mguso wa kwanza, tena liko miaka 15 nyuma, kwenye viwanja ambavyo mtoto anafundishwa kupiga kabla ya kupokea. Naamini alikuwa sahihi. Tunajenga viwanja vikubwa, tunaleta makocha kutoka mbali, na mtoto wa miaka minane tunamwachia yeyote mwenye filimbi. Mbwana Samatta alipofunga akiwa na Aston Villa, Februari 1, 2020, Mtanzania wa kwanza kufunga kwenye Ligi Kuu ya Uingereza, safari yake ilisimuliwa yote, Mazembe, Genk, mpaka Villa. Afande alikuwa na swali moja: "Kule Mbagala alikokulia, nani alikuwa anampasia?"

Morogoro ni mji wa mpira. Mseto walitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1975, na Mtibwa Sugar wakautwaa mwaka 1999 na 2000. Lakini katika watoto wote waliosimama kwenye mwembe ule kupimwa, waliofika ligi kuu wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na Afande hakuwahi kuwaweka mbele ya wengine. Niliyaona madaftari yake baada ya mazishi, yamefungwa kwa kamba ya katani, 23, mengine yameliwa na mchwa pembeni. Hakuna ukurasa wa waliofanikiwa. Ni majina, vimo na tarehe, na hapa na pale neno la kalamu ya risasi: anapokea vizuri kushoto, amefiwa na bibi, asisukumwe, bado yuko njiani.

Siku ya pili ya matanga, baada ya chakula, wanaume tulikuwa chini ya turubai, wa rika zote: waliocheza miaka ya 1980, wa 1990, na vijana wa juzi. Dereva wa bajaji, mwalimu, muuza nyanya, mwanajeshi mmoja aliyeomba ruhusa kambini. Tulizungumza chinichini. Watoto walikuwa wamechoka kukatazwa kila kitu, wakaenda nyuma ya nyumba na mpira wa chandimu. Mmoja akaupiga kwa nguvu, ukakata kona ya nyumba, ukaingia chini ya turubai, ukaja unadunda kati ya viti na masufuria. Mwenye mvi aliyekaa mbele yangu, mtu ambaye hajacheza kwa miaka 20, alikuwa anazungumza na mwenzake. Aliinua mguu, ndala ikiwa mguuni, kisigino chini, vidole juu, na mguu ukarudi nyuma shibiri moja. Hatukusikia sauti. Mpira ukakaa. Akaendelea kuzungumza.

Mtoto alikuja mpaka ukingoni mwa turubai, akasimama, akingoja kufokewa. Yule mzee akamsogezea mpira taratibu kwa mguu uleule, na mtoto akatanguliza wake.